Kicheko Ndani ya Mabano

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga gizani, tiki, tiki, tiki, kama meno ya mtu mwenye baridi. Umeme ulikatika tangu jana yake, na mimi nilikuwa nikipapasa kitandani kutafuta mguu wa kushoto wa Kipusa nimvishe soksi, kila nikipapasa nampata wa kulia. Binti yangu ana miaka minne, na akiwa na usingizi miguu yake huwa mingi.

Mlango ukagongwa mara moja, ukafunguliwa bila kungoja karibu. Pilipili hajui kubisha hodi kwa namna nyingine.

"Mama Kipusa, una mshumaa?"

"Sina, Shangazi. Nina tochi ya simu."

"Washa. Nataka unisomee aibu yangu. Miwani nimeikalia."

Pilipili ni mbunge wetu, wa upinzani. Mtaa mzima unamwita hivyo, ila mimi na Kipusa tunamwita Shangazi kwa sababu ni rika la baba yangu, na kwa sababu ana ruhusa ya kumtania yeyote. Kila asubuhi alitupakia kwenye gari lake, tukamwacha Kipusa chekechea, kisha sisi wawili tukaenda Bungeni, yeye kukaa kwenye kiti chake na mimi kuchapa taarifa rasmi, kile kitabu kinachoandika kila neno lililosemwa humo.

Alinipa gazeti. Ukurasa wa saba kulikuwa na jedwali refu la wabunge wote na safu tatu: alichangia mara ngapi, aliuliza maswali mangapi, alipiga kura ngapi. Nilishuka na kidole mpaka kwenye jina lake.

"Sifuri," nikasema. "Sifuri. Sifuri."

"Mayai matatu. Hata kuku wangu hajawahi kutaga hivyo kwa siku moja."

Alicheka, lakini alikaa kwenye ukingo wa kitanda kama mtu aliyeshushiwa mzigo magotini. "Kamati ya chama inakaa kesho, mwanangu. Wamepitisha kwamba mbunge ambaye hajachangia walau mara kumi kwenye taarifa rasmi ya mkutano huu hatasimamishwa tena kugombea. Mkutano unafungwa leo saa saba mchana. Kwa hiyo kesho mimi nitakuwa mama wa nyumbani mwenye suti nne."

Mtu aliyewahi kukaa humo Bungeni hata nusu saa angedhani gazeti limelewa. Pilipili, kimya? Yule huongea kuliko redio. Shida ni jinsi kazi inavyofanyika. Wapinzani walikuwa tisa, wakapewa dakika tisa kwa kila mjadala. Kiongozi wao, ambaye sisi wachapaji tulimwita Bwana Kwa Ufupi, husimama, husema "Mheshimiwa Spika, kwa ufupi," na akikaa dakika zote tisa zimekwisha. Wenzake wanane hubaki kumpigia meza. Na huyohuyo Bwana Kwa Ufupi ndiye mwenyekiti wa ile kamati ya chama iliyouliza kwa nini wenzake hawasemi.

Basi Pilipili akawa anasema akiwa amekaa, kipaza sauti chake kimezimwa. Fundi mitambo hawashi kipaza cha mtu bila amri ya Spika. Lakini sauti ya mama yule haihitaji umeme. Alikuwa akitupa neno moja, nusu sentensi, na Bunge lote, serikali na upinzani, likaanguka kicheko. Kwenye kanda yetu neno lile halikunaswa. Kilichonaswa ni kishindo cha kucheka tu, na sheria ya ofisi yetu ni moja: kisichopita kwenye kipaza hakikusemwa. Kwa hiyo mkononi mwangu maneno yake yote yaligeuka kitu kimoja, neno dogo ndani ya mabano: (Kicheko).

Kura nazo zilikuwa hivyohivyo. Spika huwataka wanaoafiki waseme ndiyo, ukumbi ukanguruma. Wasioafiki waseme siyo, wakaguna kidogo. Kisha, wote wakishanyamaza, ndipo "Siyo" ya Pilipili huja peke yake, imechelewa, kama sufuria inayoanguka jikoni wageni wakiwa wanasali. Kitabu huandika "Hoja ikakubaliwa" na kugeuza ukurasa.

Garini asubuhi ile hakuanza kusema shida yake mara moja. Gari lile halina honi, kwa hiyo yeye hutoa kichwa dirishani. "Kaka, barabara umeinunua au umepanga?" alimwambia mwendesha baiskeli. Tulipokwisha kumshusha Kipusa, akashusha na sauti.

"Mwanangu, kule kwenye kompyuta yako hakuna namna?"

"Namna gani, Shangazi?"

"Namna tu. Kidole kikateleza, neno langu likaingia pale lilipokuwa."

"Nimebakiza mwezi mmoja wa majaribio kazini. Kidole kikiteleza, nami nateleza nacho mpaka nje ya geti."

Tukavuka njia panda. "Nisamehe," akasema. "Mfa maji haachi kutapatapa. Usinisikilize."

Ilinichoma. Maana mikono iliyomfanya bubu ilikuwa hii yangu, nikitimiza wajibu. Nikakumbuka masomo ya jioni. Mwalimu wetu wa kuchapa hakuwa na kitabu cha mazoezi, alikuwa na kanuni za Bunge alizookota sijui wapi, basi darasa zima tulichapa kanuni zile mwanzo mpaka mwisho, mara tatu, mpaka wengine wakawa wanaziota. Nadhani ndizo zilizonipa kazi.

"Kuna kanuni ya themanini na nne," nikasema. "Siku ya mwisho ya mkutano, mbunge akiona taarifa rasmi imeacha jambo, anasimama kuomba isahihishwe. Spika lazima amwashie kipaza."

"Endelea."

"Ila lazima mbunge wa upande wa pili athibitishe kwamba alisikia. Wa kwenu hawafai, itaonekana mmepanga."

"Wa upande wa pili." Alicheka kwa pua. "Yaani mtu wa serikali asimame anitetee mimi. Pilipili. Niliyemwambia waziri wao suti yake imenunuliwa na mtu mnene zaidi."

"Shangazi, hawatakutetea wewe. Watajitetea wenyewe. Sikiliza, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili niliuchapa mimi. Waziri wa Barabara anasema, 'Barabara hii itadumu miaka ishirini.' Halafu mabano, Kicheko. Basi. Mtu akisoma, nani amechekwa hapo?"

Alifunga breki katikati ya barabara. Nyuma yetu honi zikalia za kila aina, naye hakuzijibu hata moja.

"Mtoto wewe," akasema polepole, "uliiba akili ya nani?"

Ofisi yetu iko chini ya ngazi, chumba chenye meza sita, feni moja na bosi tunayemwita Nukta. Mtu wa miaka hamsini na tano, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni zote nyekundu. Akisema jambo humalizia hivyo: "Saa mbili kamili, nukta." Nilimweleza kwamba mbunge mmoja ameomba kurasa zenye vicheko, kwa ajili ya kanuni ya themanini na nne. Sikumweleza zaidi, wala hakuuliza.

"Ni haki yake," alisema. "Mchapie."

Nilitafuta kwenye kompyuta. Mkutano mzima ulikuwa na vicheko arobaini na kimoja. Vilivyokuwa vya Pilipili nilivitambua bila hata kusikiliza kanda, kama mama anavyotambua nguo za mwanawe kwenye kamba ya watu kumi. Thelathini na vitatu. Nikavichapa, ukurasa kwa ukurasa.

Kisha nikabaki nimesimama karibu na mashine, kwa sababu kulikuwa na kitu kingine. "Bosi, kanuni hiyohiyo inasema mbunge aliyetajwa kwenye ukurasa unaoombewa masahihisho apelekewe nakala yake."

Nukta alinitazama juu ya miwani. Akaichukua karatasi ya Waziri wa Barabara, akaisoma, akaisoma tena. Nikaona mdomo wake umeanza kucheza pembeni, akaukaza.

"Inasema hivyo," akakubali. "Kwa miaka thelathini nimeandika watu wanacheka na sijaandika wanacheka nini. Hainipendezi. Kicheko kisicho na chanzo ni ugonjwa." Akachomoa kalamu nyekundu akanipa. "Pigia mstari chini ya neno lenyewe, waheshimiwa wana haraka. Visanduku vyao vya barua vifikiwe kabla ya saa tatu, nukta."

Nikazunguka na kurasa zile kwenye visanduku vya mawaziri na wabunge wa serikali, kila mmoja na wake, mstari mwekundu chini ya (Kicheko). Nilikuwa nikitembea kwa adabu kama mtu anayegawa kadi za msiba.

Saa sita na dakika ishirini ilikuwa zamu yangu kwenye kile kibanda cha vioo kilichoning'inia juu ya ukumbi. Kutoka pale unaona vipara vyote vya taifa. Nilivaa vipokea sauti masikioni. Spika, mtu mpole mwenye tumbo na miwani ya kamba, aliuliza kama kuna mwenye masahihisho ya taarifa rasmi kabla hajafunga mkutano. Kwa kawaida hakuna. Watu walikuwa wameshafunga mabegi.

Pilipili akasimama.

Kwanza lilipita guno la furaha, maana walidhani anatania. Spika akataja kanuni, akaitika kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nikaona taa nyekundu ya kipaza chake inawaka.

"Mheshimiwa Spika," alisema, na sauti ile ilinipasua masikio nikapunguza haraka, "ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Waziri wa Barabara anasema barabara itadumu miaka ishirini, na kitabu kinaandika kwamba Bunge lilimcheka. Mimi ni mpinzani, lakini nina huruma. Wajukuu wa Waziri watasoma hapa. Watajua babu yao alikuwa kichekesho. Naomba iandikwe tulicheka nini."

Akakaa. Taa ikazimika.

Waziri wa Barabara alikuwa tayari amesimama, karatasi yenye mstari mwekundu mkononi. "Mheshimiwa Spika, sikuchekwa mimi. Naomba hilo lieleweke. Mimi nilikuwa nasema jambo zito. Ni huyu, yule pale, alisema..."

"Alisema nini, Mheshimiwa?" Spika akauliza. "Kanuni inataka maneno yenyewe."

Waziri akaitazama karatasi yake. "Alisema itadumu kwa sababu hakuna anayeweza kupita juu yake."

Ukumbi ukapasuka, upya, kama siku ile. Spika akasubiri, akagonga meza. "Yameingia. Mchapaji aweke maneno hayo mahali pake, kwa jina la aliyeyasema."

Mchapaji ni mimi. Nikaandika pembeni ya daftari: moja.

Baada ya hapo ikawa kama foleni ya maji. Kila mmoja alikuwa na ukurasa wake, na kila mmoja alikuwa na wajukuu. Waziri wa Maji alithibitisha kwamba aliposema bomba limefika kila mtaa, mwenzetu alisema bomba limefika, maji yanakuja kwa miguu. Mbili. Waziri wa Afya, mama mzima mwenye heshima zake, alisimama akatafuta maneno mazuri zaidi, akayakosa, akasema basi: nilipotangaza wagonjwa wawili watalala kitanda kimoja kwa muda, mheshimiwa alisema hata mumewe hakumzoea upesi hivyo. Tatu. Watu walikuwa wanajifuta machozi kwa ratiba za vikao.

Nne. Tano ilikuwa ya mbunge wa nyuma kabisa ambaye naye, nilikuja kugundua, hakuwa amewahi kusimama, akawa anashukuru kwa nafasi. Sita. Saba. Ilikuwa saa saba kasoro dakika sita, na Pilipili hacheki. Alikuwa amekaa mikono kwenye mapaja, vidole vinahesabu. Nane.

Hapo Bwana Kwa Ufupi akanyoosha mkono. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye soksi. Spika akamruhusu.

"Mheshimiwa Spika, kwa ufupi," alianza, "mimi kama kiongozi wa kambi hii ningependa kutoa maelezo mafupi kuhusu historia ya kicheko katika mabunge..."

Wenzake saba walimtazama. Pilipili alimtazama pia, bila neno, na nadhani kile kilikuwa kitu kikali kuliko vyote alivyowahi kumwambia. Dakika moja ikapita. Ya pili ikaanza. Akawa amefika kwenye mabunge ya kale.

"Mheshimiwa," Spika akamkata, "una marekebisho ya ukurasa gani?"

"Sina ukurasa, Mheshimiwa Spika, nina muktadha."

"Basi kaa nao."

Akakaa nao. Waziri wa Kilimo akawahi kusimama na wa kwake, na huo sikuusikia vizuri kwa kelele, ilibidi niurudie kwenye kanda baadaye. Tisa. Saa saba kasoro dakika mbili. Hakuna mwingine aliyenyanyuka. Waliobaki na kurasa walishaona bora wajukuu wao wafikirie wanavyotaka. Karani akaweka mkono kwenye kengele.

Mimi kwenye kibanda nilikuwa na jibu na sina kinywa. Kulikuwa na ukurasa mmoja ambao sikuuweka kwenye kisanduku cha mbunge yeyote, kwa sababu mwenyewe hana kisanduku. Niliupeleka mezani kwake pale juu, chini ya glasi ya maji.

Spika alinyanyua glasi anywe. Akaona karatasi. Akaisoma kimya, mabega yakaanza kutikisika, akavua miwani.

"Kabla sijafunga," alisema, "nami nina ukurasa. Mia tatu na arobaini. Hapa imeandikwa Spika anaomba umakini, baadhi ya waheshimiwa wamelala, kisha inaandikwa kicheko, na aliyecheka kuliko wote nilikuwa mimi. Sitaki ionekane kiti hiki kinacheka hovyo. Mheshimiwa huyu aliniambia, 'Usiwaamshe, Mheshimiwa Spika, wataunga mkono.'" Akasubiri mpaka ukumbi umetulia. "Yameingia. Na tukiwa hapohapo, siku ya kura ya ushuru wa vibanda kuna 'Siyo' moja iliyokuja baada ya nyingine zote. Niliisikia mpaka kwenye mbavu. Upande wa serikali, mliisikia?"

"Tuliisikia," wakaitika mawaziri wote kwa pamoja, wamechoka.

"Iandikwe ni ya nani."

Kengele ikalia. Nilikuwa nimeuma mkono wa sweta langu, na unyuzi mmoja nimeumeza.

Kesho yake, Jumamosi jioni, nilikuwa nimeinama kwenye beseni nafua, Kipusa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ananisimamia, Pilipili alipoingia. Safari hii hakubisha hodi kabisa.

"Wamekaa," alisema. Akavuta kigoda. "Walikaa saa mbili nzima. Katibu akadai maneno ya kwenye kiti si mchango. Mwenyekiti wetu, unamjua, akasema ngoja asome taarifa yenyewe kwa sauti, ili wajumbe waone utovu wa nidhamu wangu. Akasoma. Akafika kwenye kitanda na mume wangu, katibu akatoka nje, tunamsikia dirishani anakohoa. Alipofika ukurasa wa mia tatu na arobaini hata yeye mwenyewe hakuweza kumaliza. Mtu ukishamchekea, mwanangu, kumfukuza ni kazi kubwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimebaki."

Nilimkumbatia na mapovu yangu. Suti ile moja kati ya nne ikaloa mgongoni, wala hakujali.

"Tena kuna jingine. Wale wenzangu saba nao wameamka. Wamemwambia Mwenyekiti zile dakika tisa ni za watu tisa. Kila mtu na yake, mwenye la ziada aombe. Mkutano ujao siku ya kwanza wameniazima na za kwao mbili. Nina dakika tatu. Za kwenye kipaza. Nimesimama." Akajikuna shingoni. "Nizungumzie ushuru wa vibanda, kwa nini nilisema siyo."

"Jaribu hapa," nikamwambia. "Sisi ndio Bunge."

Akasimama katikati ya chumba, kati ya kitanda na jiko. Akaweka sawa kola. Nikampa mwiko ashike kama kipaza. Akausogeza mdomoni, akafungua kinywa.

Hakikutoka kitu.

Akakohoa. Akatazama dari, akatazama kamba ya nguo. Nikangoja mzaha, maana kwake mzaha hauchelewi, lakini alikuwa ameshika mwiko kwa mikono miwili na vidole vimekakamaa. Miaka minne alikuwa akimalizia sentensi za watu wengine. Kumbe hajawahi kuachiwa aanze ya kwake.

"Hakuna wa kumdakia," akaninong'oneza. "Sasa nasema nini, mtu hajasema?"

Nilifuta mikono kwenye kanga, nikakaa chini sakafuni, nikanyamaza kama wanavyonyamaza watu waliokuja kusikiliza. Nje jirani alikuwa akifagia. Pilipili akavuta pumzi, akaishusha, akavuta nyingine.

Kipusa akateremka kwenye ndoo, akaja akakaa mapajani mwangu, akamtazama usoni.

"Shangazi, tunakusikiliza."